Jino linauma, presha iko juu: tatizo linaloanzia duka la dawa

Karibu kila kliniki ya kinywa na meno ina mgonjwa wa aina hii. Amekaa kwenye foleni tangu asubuhi, ameitwa, ameketi kwenye kiti, muuguzi amemfunga mkanda wa mashine mkononi, namba zimesoma 190 kwa 115, na daktari amemwambia jino halitang'olewa leo. Arudi presha ikishuka. Anatoka na jino lake mdomoni, amekunja uso, nauli imekwenda bure.

Usiku jino linamkesha. Kesho yake anamtuma mtoto duka la dawa la jirani akamletee "dawa ya jino". Mtoto anarudi na vidonge vya ibuprofeni, au vya diklofenaki ambavyo mtaani wengi huviita diklopa. Anameza asubuhi, anameza jioni, maumivu yanatulia kiasi cha kumwezesha kwenda kazini. Baada ya wiki anarudi kliniki, anapimwa, na presha iko pale pale au imepanda zaidi. Anarudishwa tena.

Kinachomzungusha mgonjwa huyu mara nyingi ni kile kidonge cha maumivu. Dawa anayoimeza ili alivumilie jino ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kupandisha presha. Presha ikibaki juu jino haling'olewi, na jino lisipong'olewa anaendelea kumeza dawa. Anaweza kuzunguka hivyo mwezi mzima bila mtu yeyote kumdanganya. Muuza dawa aliombwa dawa ya jino akatoa dawa ya jino. Daktari wa meno aliona namba kubwa akasita. Ila dukani hakuna aliyeuliza habari za presha, na kliniki hakuna aliyeuliza anatuliza maumivu kwa kitu gani.

Kidonge kinavyoipandisha presha

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake kama naproseni na piroksikamu hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Ndiyo maana zinalifaa jino, kwani maumivu ya jino kwa sehemu kubwa ni uvimbe uliobanwa mahali pagumu pasipo na nafasi ya kutanuka. Lakini kemikali hizo hizo zina kazi nyingine kwenye figo. Huko husaidia kutanua mishipa midogo ya damu na kutoa chumvi kupitia mkojo. Zikizuiwa, chumvi na maji hubaki mwilini, mishipa hubana, na presha hupanda.

Kwa kijana mwenye afya anayemeza vidonge hivyo siku mbili, mabadiliko ni madogo na mwili huyabeba. Kwa mama wa miaka 55 anayetumia losartani au enalaprili, habari ni nyingine, kwa sababu dawa ya jino pia huipunguzia nguvu dawa ya presha. Anameza zote mbili kila siku kwa uaminifu, moja ikivuta huku, nyingine ikivuta kule. Na kama juu ya losartani au enalaprili anatumia pia dawa ya kupunguza maji mwilini, mfano furosemidi au haidroklorothiazidi, kuongeza diklofenaki kunaziweka figo zake hatarini. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi akiwa mzee, au akiwa hali wala hanywi maji ya kutosha kwa sababu ya jino hilo hilo.

Basi atulize maumivu kwa nini? Kwa mtu mzima mwenye presha, dawa inayotangulia kufikiriwa ni parasetamoli, kwa siku chache, huku akitafuta matibabu ya jino. Kipimo cha kawaida ni vidonge viwili vya miligramu 500, na asirudie kabla ya saa sita kupita, wala asizidishe vidonge vinane kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini, au anayekunywa pombe sana, aulize kwanza. Parasetamoli za kuyeyusha kwenye maji si chaguo zuri kwake kwa sababu nyingi zina sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi ambayo ameambiwa apunguze. Asome pia kikasha vizuri. Baadhi ya vidonge vya maumivu vina diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, hivyo mtu anaweza kudhani amebadilisha dawa kumbe hajabadilisha.

Na hapa kitunguu saumu nacho kitajwe, maana katika nyumba nyingi ndicho kinachotibu vyote viwili. Kukila kwenye chakula hakuna shida. Kukiponda na kukibandika kwenye fizi huunguza, na mgonjwa aliyekwenda kliniki na tatizo moja hufika na kidonda juu yake. Karafuu hutuliza kidogo kwa muda. Haiondoi usaha.

Kwa nini daktari anasita

Mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu anapopimwa siku tofauti na kukutwa na 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini. Namba hizo peke yake hazizuii jino kung'olewa. Watu wenye presha ya 150 kwa 95 hung'olewa na kuzibwa meno kila siku. Mpaka ambao miongozo mingi huutumia ni 180 kwa namba ya juu au 110 kwa ya chini. Hapo matibabu yanayoweza kungoja huahirishwa.

Sababu ya kwanza ni hofu. Kiti cha meno kinaogopwa na watu wazima wenye familia zao, hata kama hawasemi, na mwili ukiogopa au ukiumia humwaga adrenalini yake wenyewe. Mapigo ya moyo huongezeka na presha hupanda juu ya ile iliyokuwa juu tayari, na kwa mtu aliye kwenye 190 nafasi ya kupanda zaidi bila madhara ni ndogo. Kiharusi na mshtuko wa moyo ndivyo vinavyohofiwa. Sababu ya pili ni damu, kwani shimo la jino kwa mtu mwenye presha kubwa huweza kuvuja muda mrefu.

Kisha kuna ganzi yenyewe. Ganzi nyingi za meno huchanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya eneo lile ibane, ganzi ikae muda mrefu na damu isitoke sana. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 chenye mchanganyiko wa 1 kwa 100,000 kina miligramu 0.018 za adrenalini. Kwa mgonjwa wa moyo au mwenye presha kubwa, madaktari wengi hawapiti miligramu 0.04, yaani vichupa viwili hivi. Anayetumia propranololi anapaswa kusema mapema, kwa kuwa dawa hiyo ikikutana na adrenalini ya ganzi presha inaweza kuruka.

Wako wagonjwa ambao wakisikia hayo huomba wachomwe ganzi kidogo tu wavumilie. Ni ombi baya. Jino likivutwa kwenye fizi isiyokufa ganzi vizuri, adrenalini ambayo mwili wenyewe huimwaga huwa nyingi kuliko ile iliyokwepwa kwenye sindano.

Namba isiyo ya kweli

Kabla ya kukubali kurudi nyumbani, ni haki ya mgonjwa kuomba apimwe tena. Presha iliyosomwa dakika moja baada ya mtu kushuka kwenye daladala na kupanda ngazi si presha yake ya kawaida. Aketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kupishanishwa, mkono uwe wazi bila sweta na uegeshwe usawa wa moyo. Asizungumze wakati mashine inasoma. Kama ana mkojo, aende kwanza chooni. Kama amekunywa kahawa au kuvuta sigara muda mfupi uliopita, isubiriwe nusu saa.

Mara nyingi namba kubwa huwa na sababu rahisi zaidi ya hizo, ambayo ni kwamba asubuhi hiyo hakumeza dawa. Watu wengi huamini kuwa siku ya kung'oa jino haifai kula wala kumeza chochote. Imani hiyo imetoka kwenye upasuaji wa kulazwa usingizi, ambako ni kweli tumbo linapaswa kuwa tupu na mgonjwa hufuata maelekezo aliyopewa. Kwa ganzi ya fizi, mgonjwa anywe chai yake, ale, ameze dawa yake ya presha saa ile ile anayoimeza kila siku. Anayekwenda na njaa, bila dawa na kwa hofu, amejiandalia mwenyewe namba ya kurudishwa.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Wakiambiwa presha iko juu humeza vidonge viwili au vitatu kwa mpigo, au huweka nifedipini chini ya ulimi ili ishuke haraka wapate kung'olewa siku hiyo hiyo. Kuweka nifedipini chini ya ulimi kuliachwa kwa sababu huishusha presha ghafla, na ubongo uliozoea presha kubwa unaweza kukosa damu. Mtu huenda kung'oa jino akarudi na kiharusi. Dawa kama amlodipini huhitaji siku kadhaa, hata wiki moja au mbili, kuonyesha nguvu yake yote, kwa hiyo kumwambia mgonjwa aliyeanza dawa leo arudi kesho kutwa hakumsaidii sana.

Ndiyo maana maneno "rudi presha ikishuka", yakiwa peke yake, si matibabu. Mgonjwa anayerudishwa anapaswa kuondoka na vitu vitatu: mahali pa kwenda kutibiwa presha siku hiyo au kesho yake, dawa ya maumivu isiyoipandisha, na tarehe ya kurudi. Asipopewa, aulize. Aulize pia kama kuna kinachoweza kufanywa kwenye jino kwa sasa, kwa mfano kulifungua ili usaha utoke, maana mara nyingine hilo linawezekana hata kama kung'oa kumeahirishwa.

Yasiyongoja

Kuahirisha kuna mwisho wake. Shavu au shingo ikivimba na uvimbe ukawa unaenea, homa ikapanda, mdomo ukawa haufunguki, kumeza mate kukawa shida au pumzi ikabana, mgonjwa huyo hangojei presha ishuke nyumbani. Apelekwe hospitali yenye madaktari wa pande zote mbili, usiku huo huo, kwa sababu usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Huko presha na usaha hutibiwa pamoja.

Kuna pia maumivu yanayojifanya jino. Mtu mwenye presha anayepata maumivu ya taya, hasa ya chini upande wa kushoto, yanayokuja akipanda mlima au akibeba mzigo na kuondoka akipumzika, huenda moyo wake ndio unaolalamika. Taya likiuma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukata, safari iwe ya hospitali. Vivyo hivyo kichwa kikimuuma vibaya na macho kuona ukungu, mdomo ukaenda upande au mkono mmoja ukaishiwa nguvu.

Mama mjamzito naye yuko kwenye kundi lake. Fizi za wajawazito hutoka damu kwa urahisi, na kutibiwa meno wakati wa ujauzito kunaruhusiwa, miezi ya katikati ikiwa ndiyo yenye nafuu zaidi kwake. Lakini diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, hasa kuanzia wiki ya 20. Akikutwa na presha ya 140 kwa 90 kwenye kiti cha meno, aende kliniki ya wajawazito siku hiyo hiyo, hata kama anajisikia mzima.

Anayepimwa kwa mara ya kwanza

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban asilimia 26 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hilo duniani hawajui kuwa nalo. Haliumi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Jino linauma, presha haiumi, kwa hiyo mtu hulifuata jino.

Wanawake wengi walau wamepimwa walipokuwa wajawazito. Baba wa miaka 45 ambaye hajaugua anaweza kufika umri huo bila mkono wake kufungwa mkanda wa mashine hata mara moja, hadi siku jino la nyuma linapomshinda. Kwake yeye, siku aliyorudishwa kliniki ya meno ndiyo siku aliyojua. Hasira anazokuja nazo nyumbani zinaeleweka, ila mwenzake asimwache aishie kwenye hasira. Asipopima tena ndani ya siku chache na kuonana na daktari, jino litang'olewa siku moja kwa bahati na presha itabaki.

Dawa za presha na fizi

Zipo familia zinazoshangaa fizi za bibi zimekua, zimefunika meno nusu, zinatoka damu akipiga mswaki. Nifedipini, na kwa kiasi kidogo amlodipini, zinaweza kufanya hivyo, kwa kawaida ndani ya miezi ya mwanzo ya matumizi, na hali huwa mbaya zaidi penye ukoga mwingi. Kusafisha meno kliniki na kupiga mswaki kwa makini hupunguza tatizo, na daktari wa presha anaweza kubadilisha dawa. Bibi asiiache mwenyewe. Dawa za kupunguza maji mwilini hukausha kinywa, na kinywa kisicho na mate huoza meno haraka, hasa kwa anayekilainisha kwa soda au pipi. Kunyonya maji kidogo kidogo kunatosha. Enalaprili, lisinoprili na kaptoprili zina jambo moja la kuogopwa: midomo au ulimi kuvimba ghafla. Hiyo si mzio wa chakula wala jino. Mgonjwa asimeze kidonge kingine cha dawa hiyo, akimbizwe hospitali.

Upande wa pili wa uhusiano huu bado unachunguzwa. Mwaka 2019 jarida la European Heart Journal lilichapisha utafiti wa Poland uliohusisha watu 101 wenye presha na ugonjwa wa fizi. Waliosafishwa fizi kwa kina walikuwa, baada ya miezi miwili, na namba ya juu iliyo chini kwa takriban pointi 11 kuliko waliosafishwa juujuu. Tafiti nyingine zimepata tofauti ndogo au hazikuipata, kwa hiyo asitokee mtu akauza vidonge vyake vya presha anunue mswaki. Lakini fizi inayotoka damu kila asubuhi ni kidonda, na mwenye presha ana sababu moja zaidi ya kukitibu.

Siku ya kwenda

Mgonjwa wengi hawakumbuki majina ya dawa zao, husema "kile cheupe kidogo" na "kile cha duara". Mtoto mwenye simu apige picha vikasha vyote vya dawa za bibi au babu, na ile ya maumivu ikiwemo, picha zionyeshwe kliniki na zionyeshwe pia duka la dawa. Kama yumo kwenye aspirini ndogo ya kila siku, daktari aambiwe, wala isiachwe kimyakimya. Miadi ya asubuhi akiwa amepumzika ni bora kuliko kubanana jioni. Jino likishatoka, asiinuke kitini ghafla, kwani baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aone kizunguzungu akisimama haraka.

Nyumbani aume gozi kwa nusu saa bila kulitoa kila dakika kuangalia. Asisukutue saa 24 za kwanza, hata kwa maji ya chumvi, asinywe chai ya moto, pombe wala kuvuta sigara, na usiku aongeze mto mmoja. Mate yenye rangi ya damu hadi kesho yake ni kawaida. Kinywa kikijaa damu, aume gozi jipya au kitambaa safi kilichokunjwa kwa nusu saa nyingine akiwa ameketi wima, na kama nyumbani kuna mashine apimwe. Ikiendelea kutoka baada ya hapo arudi kliniki, na ikiwa ni usiku aende hospitali, akiwa na ile picha ya dawa kwenye simu.